Kebo kuchoka si kebo kuungua

Kebo ya umeme mkubwa ikifa chini ya ardhi, haichukui muda utasikia "imezidiwa na joto." Wakati mwingine ni kweli. Lakini uchovu wa kimakanika ni jambo jingine, na ukiuita joto utatafuta kosa pasipo kosa.

Kwa ufupi: mzigo, yaani umeme unaopita kwenye kebo, ukipanda, waya wa shaba ulio katikati hupata joto na kutanuka, ukishuka, hupoa na kusinyaa. Ikirudiwa miaka na miaka, sehemu zinazopindwa na kusukumwa huchoka hadi zipasuke. Ndiyo maana yake yote.

Joto kali huzeesha insulesheni, yaani tabaka linalozuia umeme usitoke kwenye waya. Plastiki ya XLPE, inayotumika kama insulesheni, kwa kawaida huruhusiwa kufika nyuzi 90 za Selsiasi katika kazi ya kila siku. Ukiipitisha hapo kwa muda mrefu, inaharibika. Uchovu hausubiri uvuke mpaka huo, kwa sababu kinachoumiza ni kupanda na kushuka. Kebo inayokaa nyuzi 80 mchana kutwa, usiku kucha, inaweza kuchoka kidogo kuliko ile inayotoka 25 hadi 70 na kurudi kila siku. Watu wengi hapa hubisha.

Haya, pigeni hesabu. Mita 100 za shaba zikiongezewa nyuzi 50 hutaka kurefuka milimita 85 hivi. Kebo iliyofukiwa imebanwa na udongo, haina pa kurefukia, kwa hiyo urefu ule hugeuka msukumo, na waya mnene husukuma kwa nguvu ya tani kadhaa. Zinazoupokea ni jointi (maungio ya vipande viwili vya kebo) na vichwa vya kebo (miisho yake). Iliyo ndani ya bomba hujipindapinda, na kwenye mteremko inaweza kutambaa kuelekea chini kidogo kidogo bila kurudi ilipokuwa.

Jointi iliyokufa hivi ukiifungua, unakuta waya umesogea kutoka mahali pake, na ganda la nje la madini ya risasi lina ufa mwembamba pale linapopinda. Mita chache pembeni, kebo ni nzima kabisa. Katika kebo za zamani, ambazo insulesheni yake ni karatasi iliyoloweshwa mafuta, ufa huo huvujisha mafuta au kuingiza maji, kisha umeme humalizia. Masizi unayoyaona yamekuja mwisho.

Kwa hiyo rekodi inayoonyesha kebo haikuwahi kufika nyuzi 90 haiuondolei uchovu lawama. Omba pia grafu ya mzigo wa kila siku, uone imepanda na kushuka mara ngapi, na kwa kiasi gani.