Upangaji wa Nyumba Baada ya Mpangaji Kufariki: Kinachoendelea na Kinachokoma

Upangaji ni haki ya kuishi katika nyumba ya mtu mwingine kwa muda na kwa masharti yaliyokubaliwa, na haki hiyo huenda pamoja na wajibu, hasa wajibu wa kulipa kodi na kuitunza nyumba. Watu wengi huamini kwamba mpangaji akifariki mkataba nao umekufa, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli siku ya pili, na ndugu wanaweza kuchukua vitu na kurudisha ufunguo bila kuulizwa neno. Katika nchi nyingi sivyo ilivyo. Kifo peke yake hakivunji mkataba, ila hubadilisha mtu wa kuusimamia. Haki aliyokuwa nayo marehemu juu ya nyumba huingia katika mirathi yake pamoja na fedha zake na vyombo vyake, na kodi inayodaiwa huhesabiwa miongoni mwa madeni yake.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kuuliza lini nyumba itarudishwa, ni nani mwenye mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya mirathi. Kama marehemu aliacha wosia, kwa kawaida ni mtu aliyetajwa humo kuutekeleza. Kama hakuacha wosia, mahakama au chombo kingine kilichopewa kazi hiyo humthibitisha msimamizi wa mirathi. Uthibitisho huo unaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, kwa sababu kodi inaendelea kuhesabiwa wakati hakuna mtu aliye na uwezo kamili wa kuusitisha mkataba. Mwana wa kwanza hapati uwezo huo kwa kuwa mkubwa wa wenzake, na mwenye nyumba hapewi uwezo huo na umiliki wake. Nchini Kenya, kwa mfano, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu asiye na mamlaka ya kisheria kuingilia mali ya marehemu, na anayekiuka katazo hilo anatenda kosa la jinai.

Kutokuwa na mamlaka kamili hakumaanishi kukaa kimya. Familia inapaswa kumwarifu mwenye nyumba mapema na kwa maandishi, ikitaja tarehe ya kifo na jina la mtu wa kuwasiliana naye, na kumpa nakala ya cheti cha kifo kinapopatikana. Kuilinda mali si sawa na kuigawa: kufunga gesi na maji, kuondoa vinavyooza, kufunga milango na kuhifadhi hati muhimu ni mambo ambayo ndugu wa karibu anaweza kuyafanya kwa nia njema, ilhali kugawana samani kunapaswa kusubiri. Mwenye nyumba naye anaweza kulazimika kuingia kwa sababu ya dharura, tuseme bomba limepasuka. Katika hali hiyo ni busara aingie na shahidi, apige picha za alivyoikuta nyumba, na aeleze kwa maandishi alichokigusa. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu pekee aliyejua kila kilichokuwamo ndani hayupo tena kusema, na tuhuma ndogo kuhusu kitu kisichoonekana inaweza kuharibu makubaliano yote yanayofuata.

Kuhusu kodi, jambo ambalo wafiwa wanastahili kulijua mapema ni kwamba deni hilo kwa kawaida ni la mirathi, si la mtoto, mjane au ndugu kwa nafsi yake. Mwenye nyumba hulidai kutoka katika mali iliyoachwa, na mali isipotosha, huwekwa katika orodha ya wadai pamoja na wengine. Wapo, hata hivyo, watu wanaoweza kudaiwa moja kwa moja: mpangaji mwenza aliyetia saini mkataba huohuo, mdhamini ikiwa hati ya udhamini inaendelea kumfunga, na mtu aliyeendelea kuishi humo na kuchukua upangaji kwa jina lake. Pia ziko nchi ambazo mrithi anayeupokea urithi bila masharti hupokea na madeni yake, kwa hiyo ni hatari kutia saini hati yoyote inayosema "mimi ndiye mpangaji sasa" au "nitalipa yote" katika siku za msiba, hata kama anayeiomba ni mtu mpole. Mwenye nyumba muungwana hatapungukiwa na kitu akisubiri mazishi yapite.

Hali hubadilika sana ikiwa marehemu hakuwa akiishi peke yake. Pale ambapo majina mawili yako katika mkataba, aliyebaki kwa kawaida huendelea kuwa mpangaji, na kodi yote huwa juu yake. Jina likiwa moja tu, sheria nyingi hutofautisha kati ya mtu anayerithi mali na mtu aliyekuwa akiishi humo, na huyu wa pili mara nyingi ndiye anayelindwa. Ujerumani ni mfano ulio wazi: kifungu cha 563 cha Sheria ya Madai ya nchi hiyo kinamwingiza katika mkataba mwenzi aliyekuwa akiishi na marehemu, na baada yake jamaa wa kaya hiyo, isipokuwa anayehusika akatae ndani ya mwezi 1 tangu ajue kuhusu kifo. Asipokuwapo mtu wa namna hiyo, mkataba huendelea na warithi, na wao pamoja na mwenye nyumba hupewa mwezi 1 wa kutoa notisi maalumu ya kuusitisha. Ufaransa imechukua njia nyingine. Sheria yake ya tarehe 6 Julai 1989 inamlinda mwenzi wa ndoa, na inawalinda watoto waliokuwa wakiishi na marehemu kwa angalau mwaka 1 kabla ya kifo. Lakini pasipokuwa na mtu mwenye sifa zilizotajwa katika sheria hiyo, mkataba hukoma wenyewe siku ya kifo. Tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwa nini ushauri wa jirani aliyepitia msiba katika nchi nyingine haufai kufuatwa kabla ya kusoma mkataba na sheria ya mahali nyumba ilipo.

Pale mkataba unapoendelea na hakuna anayetaka kubaki, njia za kuumaliza ni mbili. Upangaji wa mwezi kwa mwezi humalizwa kwa notisi ya kawaida. Upangaji wa muda maalumu, ikiwa imebaki miezi mingi, humalizwa vizuri zaidi kwa makubaliano ya maandishi ambayo msimamizi anakabidhi nyumba na mwenye nyumba anakubali kuipokea kuanzia tarehe fulani. Makubaliano hayo huwafaa wote wawili, kwa kuwa mirathi haitozwi kodi ya nyumba tupu na mwenye nyumba anapata nafasi ya kutafuta mpangaji mwingine. Kukabidhi funguo bila hati kama hiyo hakutoshi, kwani baadaye kunaweza kuzuka ubishi iwapo zilipokelewa ili kumaliza upangaji au kuhifadhiwa tu.

Mwisho ni vitu vilivyomo ndani na amana. Vitu viorodheshwe mbele ya pande zote kabla havijaondolewa. Amana ni mali ya mirathi: hairudishwi kwa ndugu aliyetangulia kuiomba, na makato kwa ajili ya uharibifu au kodi iliyosalia yaonyeshwe kwa hesabu na risiti. Sheria ya jimbo la Texas, Marekani, inamruhusu mwenye nyumba kumwomba mpangaji, angali hai, aandike jina la mtu atakayeruhusiwa kuingia, kuondoa vitu na kupokea amana endapo mpangaji huyo anayeishi peke yake atafariki. Hata pale ambapo sheria haina kipengele kama hicho, hakuna kinachozuia mkataba mpya kuwa na mstari wa kumtaja mtu wa kuarifiwa, mradi ieleweke kwamba mtu huyo hafanywi mrithi kwa kutajwa humo, na kwamba fedha anazokabidhiwa ataziwasilisha kwa msimamizi wa mirathi.