Mbwa akitoka getini: yanayosemwa mtaani na sheria inavyosema

Wafugaji wengi wa mbwa Dodoma, kuanzia Kisasa hadi Nkuhungu, huamini kibao cha "Mbwa Mkali" kinawakinga. Kibao humwonya anayeingia kwako. Mbwa akishafika barabarani hakina kazi. Tena kinaweza kukugeuka. Katika madai ya fidia, swali kubwa huwa kama mwenye mbwa alijua ukali wake, na wewe jibu umelipaka rangi nyekundu getini. Mbwa mpole naye hakuokoi ikithibitika ulizembea: komeo bovu, au mnyororo uliokatika ukaungwa kwa kamba ya katani.

"Hajauma mtu, kosa liko wapi?" Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu hakisubiri damu. Kinamhusu pia anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama wake, kwa uzembe unaoweza kumdhuru mtu.

"Akiuma, auawe hapohapo." Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Mbwa afungiwe, alishwe, na aangaliwe kwa siku 10, afisa mifugo wa kata akiwa na taarifa. Kama mate yake yalikuwa na virusi vya kichaa alipouma, ataugua au kufa ndani ya siku hizo; ukimuua na kumzika, umezika na majibu. Aliyeumwa yeye hasubiri: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akaanze chanjo. Kadi ya chanjo ya mbwa (ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka) iwe mkononi, maana ndiyo itakayoulizwa mwanzo.

Kumkana mbwa hakusaidii. Majirani wanajua anakula kwa nani, na dai la fidia laweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Jirani naye asitege sumu: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili.

Ua wa minyaa, tuseme ukweli, ni pambo. Juu umesongamana, chini kuna mianya, na mchanga wa Dodoma huchimbika upesi. Zika wavu wa chuma sentimita 30 chini ya ua, mwaga zege kwenye kizingiti cha geti. Dume anayefuata majike ahasiwe. Akitoroka, mjulishe mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, na uandike saa uliyotoa taarifa.