Hakuna Mkono Unaoua Mboga

"Bwana shamba, mimi sina mkono wa kupanda. Kila nikipanda, hufa." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, na wote watatu walikuwa wameshakata tamaa. Niliwauliza mbegu walizifukia kina gani. Hawakumbuki. Zina umri gani? Zilikuwa kabatini tu.

Mkono hauna kosa. Mbegu hufukiwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga. Ukiizika sentimita 3, huishiwa nguvu kabla ya kuuona mwanga. Mbegu za vitunguu huchakaa upesi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Saladi hugoma kuota udongo ukishapita nyuzi joto 30 hivi. Na miche ikianguka huku shina limesinyaa usawa wa udongo, huo ni kinyausi, ugonjwa wa miche unaopenda kitalu chenye maji mengi na miche iliyosongamana. Anayesingizia mkono hachunguzi lolote kati ya haya, hivyo msimu ujao hulirudia kosa lile lile na kujilaumu upya. Hilo ndilo linaloniuma. Mche wa nyanya ukifa, ung'oe utazame mizizi: ikiwa ya kahawia na teketeke, maji yalizidi, ikiwa na vinundu, shuku minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Kisha andika tarehe na ulichokiona. Daftari, jamani! Bila daftari huwezi kujua ulikosea wapi.

"Nyanya zimeoza kitako, ning'oe?" Using'oe. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu leo umemwagilia sana, kisha siku tatu hukugusa maji. Weka matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo, mwagilia kwa mpangilio, na matunda yanayofuata huweza kutoka safi.

"Jani likilegea, mmea una kiu." Jua likiwa kali maboga hulegeza majani, jioni yakainuka yenyewe. Chomeka kidole udongoni sentimita 5 kabla ya kushika ndoo.

"Mbolea zaidi, mavuno zaidi." Nitrojeni ya mbolea ikizidi utavuna majani ya nyanya, si matunda.

Halafu kuna wanaodhani raha ya bustani ni siku ya kuvuna. Hao hukaa miezi mitatu na wasiwasi, na wadudu wakiwatangulia hawabaki na kitu. Pandeni figili kando ya nyanya; baada ya wiki nne hivi mnang'oa. Na kila asubuhi piteni bustanini bila jembe wala ndoo, mtazame tu. Ua la bamia hufunguka siku moja, kesho yake limeshanyauka.