Puliza bakuli la kasuku wako

Mama mmoja wa Upanga aliniletea kasuku wake wa kijivu ndani ya kapu la ukili, amelifunika kwa khanga. Nikamwamkia, tukakaa. "Anakula vizuri, mwanangu, ila mafua hayamwachi," akasema. "Na bakuli lake halijawahi kuisha." Alikuwa amelibeba, limejaa alizeti hadi ukingoni. Nikalipuliza. Makapi yakatapakaa meza nzima, na kwenye kitako cha bakuli zikabaki mbegu nne.

Kasuku hali ganda. Huigeuza mbegu kwa ulimi, akaipasua kwa mdomo, akameza kiini na kuliachia ganda palepale. Ukitazama ukiwa umesimama mlangoni, utaapa kwamba bakuli limejaa. Ndiyo maana pia zile vitamini za unga mnazonyunyizia juu ya mbegu hazimfikii ndege: zinashika kwenye ganda, na ganda halimezwi. Siku hizi simwandikii mtu yeyote vitamini hizo.

Nikamfungua mdomo nikamulika kwenye kaakaa. Hapo juu pana ufa unaopanda kwenda puani, na kandokando yake kasuku mwenye afya ana vimwiba laini vilivyosimama kama meno ya kitana. Vyake vilikuwa vimelika, pamebaki ute tu. Hayo ndiyo "mafua" yake: upungufu wa vitamini A, baada ya miaka sita ya alizeti asubuhi na jioni. Karibu nusu ya kiini cha alizeti ni mafuta. Vitamini A ni kama haimo, kalsiamu ni kiduchu na fosforasi imeizidi mbali. Hawa wa kijivu, kalsiamu ikishuka kwenye damu, hupata degedege upesi kuliko kasuku wengine wengi. (Kabla hujaniuliza wanapouzwa: biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imefungwa tangu Januari 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kama huyo unayepewa hana karatasi, mwache.)

Mama akaniuliza swali ninaloulizwa kila wiki: akimpa choroko zilizoota, atapona?

Zitamsaidia, ila si dawa. Mbegu ikinywa maji huamka. Vimeng'enya vyake huanza kuvunja wanga na protini iliyojiwekea, asidi ya faitiki inayofunga zinki na chuma hupungua, na vitamini C pamoja na baadhi ya vitamini B huongezeka. Kile ambacho firigisi ingehangaika nacho kinakuwa kimeshaanza kulainika. Lakini vitamini A ya kumtibu huyu haitoki kwenye choroko. Inatoka kwenye boga, karoti, viazi lishe na matembele.

Mimi nazipenda mbegu zilizoota kwa sababu nyingine: zinakuonyesha ulichouziwa. Hesabu choroko 100, ziloweke, zioteshe. Zikiota 90 na zaidi, duka ni zuri. Zikiota 60, umeuziwa mbegu za zamani au zilizolowa ghalani zikakaushwa upya, na mbegu iliyowahi kulowa ni shamba la ukungu. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Hivyo ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu ya aflatoksini, kupitia vifo vya ndege. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kuotesha hakuiondoi sumu hiyo, wala kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo karanga za chenga, zile za bei ya kutupa, usimpe hata moja.

Nunua sokoni kwenye nafaka za kula, si duka la pembejeo. Mbegu za kupanda huwa zimepakwa dawa, mara nyingi zina rangi ya pinki au kijani. Na hata sokoni uliza kama gunia limetiwa dawa ya wadudu. Ukiona vumbi jeupe mkononi, rudisha.

Nyumbani kwangu natumia chupa ya jamu na kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Choroko vijiko viwili, maji safi, ziloweke kwa muda wa saa sita mpaka nane, kisha mwaga. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Vitabu vya Ulaya vinasema suuza mara mbili kwa siku. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, mara mbili ni kufuga bakteria. Mimi nasuuza mara nne, na chupa nailaza kichwa chini ili maji yachuruzike yote. Kesho yake jioni kimkia kimeshatokeza, kifupi kuliko mbegu yenyewe. Mpe hapohapo. Nusa kwanza: inatakiwa inukie njegere mbichi. Ikinuka uchachu, au ikiteleza vidoleni, tupa yote. Usijaribu kuokoa zilizo juu. Kwenye tundu zisizidi saa mbili.

Dengu nazo zinafaa (ndugu zangu wa Nairobi, nasema zile za kahawia zenye kijidomo, si ndengu zenu, ambazo kwetu ndizo choroko). Adesi, ulezi na uwele pia. Maharage hapana. Yana lektini, aina ya protini inayochubua utumbo, na kuyaotesha hakuiondoi; kinachoiondoa ni kuyaloweka, kumwaga maji, kisha kuyachemsha yatokote sawasawa kwa dakika zisizopungua kumi. Na kwa kuwa tuko jikoni: parachichi ni sumu kwa ndege.

Yule kasuku alizipokea choroko kwa kuzikanyaga. Nilishalitarajia hilo, kwa sababu kasuku hula anachoona wenzake wanakula. Nikamwambia mama azile yeye, mbele ya tundu, bila kumbembeleza, alizeti ipunguzwe kidogokidogo, na kila asubuhi ampime kwa mzani wa jikoni. Alianza na gramu 420. Akishuka chini ya 390 tunarudisha alizeti, hakuna ubishi. Ndege hafi kwa tabia mbaya, anakufa kwa njaa.

Siku ya tisa akanipigia simu. Kasuku alikuwa amechukua choroko moja mkononi mwake mama, akaimenya, akameza, akasogea kudai nyingine. Mzani ulikuwa unasoma 408.

"Na bakuli?" nikamuuliza.

"Nimelipuliza, mwanangu. Maganda ya choroko hayapeperuki, yamenata."

Nikamwambia basi ayahesabu.