Bibie, usichomwe kabla ya kupimwa: maswali na majibu kuhusu uchovu baada ya miaka 40

Mwanamke wa miaka 47 anaingia, anakaa, anavuta pumzi, anasema: "Dokta, sina nguvu. Nichome sindano ya nguvu nirudi zangu." Presha hajapima mwaka mzima, sukari hajapima tangu azaliwe, wingi wa damu yake haujui. Maneno haya yanasikika vituoni mjini na shamba, Unguja na Pemba. Haya hapa ni majibu ya maswali yanayokuja nayo.

Mwili wa mwanamke hubadilika vipi akivuka miaka 40?

Hedhi huanza kwenda kombo, kisha hukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Tunahesabu imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila ya damu. Homoni ya estrojeni hushuka. Mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huhamia tumboni, usingizi hukatwa na joto la ghafla na jasho la usiku, na misuli isiyotumiwa hupungua mwaka hadi mwaka. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya kula. Ikipungua, sahani ile ile ya wali uliyokuwa ukiimaliza bila ya taabu ulipokuwa na miaka 30 sasa inageuka kitambi.

Jambo moja huwashangaza wengi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science ulipima nishati ambayo mwili huitumia kwa siku. Ukubwa wa mwili na misuli yake vikizingatiwa, matumizi hayo yalionekana hayashuki kati ya miaka 20 na 60. Kwa hivyo mama wa miaka 48 anayetweta kwa kupanda ngazi moja asiambiwe kuwa ni uzee. Kuna kitu kinamchosha, na kitu hicho kitafutwe.

Kumbe uchovu si umri tu?

Si umri tu. Uchovu wa kazi huondoka ukilala. Aliyekaa majini tangu alfajiri akivuna mwani maji ya bamvua atachoka, tena atastahiki kuchoka, lakini akipumzika siku mbili anarudi sawa. Uchovu uliopita wiki 2, unaoamka nao asubuhi kama hukulala, huo una sababu. Upimwe.

Nipime nini?

Anza na vinavyopatikana karibu. Wingi wa damu, yaani Hb: kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 (g/dL) ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Sukari kabla ya kula: 7.0 (mmol/L) au zaidi ni kisukari, na kama huna dalili kipimo kinarudiwa siku nyengine kuthibitisha. Ikisoma kati ya 6.1 na 6.9 umesimama mlangoni mwake. Presha: 140 kwa 90 au zaidi, ikijirudia, ni shindikizo la damu. Mkojo, kwa ajili ya figo, maambukizi na kichocho, maana kichocho bado kipo visiwani. Kipimo cha tezi ya shingo kinaitwa TSH, nacho kwa kawaida hufanyika hospitali kubwa.

Na mimba. Ndiyo, mimba, hata kwa mwenye miaka 44 ambaye mjukuu wake anasoma skuli. Wapo wanaodhani hedhi imekoma kumbe wana miezi minne.

Hiyo sindano ya nguvu ina nini ndani?

Mara nyingi ni mchanganyiko wa vitamini B. Kama mwili hauna upungufu wa vitamini hizo, unachukua kidogo na kumwaga zinazobaki. Ule mkojo wa manjano makali unaouona baadaye ndiyo pesa yako inatoka.

Dripu ya "kuongeza nguvu" nayo ni maji ya glukosi. Chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Chukua kijiko kidogo cha chai, pima vijiko sita, koroga kwenye jagi la maji: basi, hiyo ndiyo dripu uliyolala nayo saa mbili kitandani. Kwa mwenye kisukari asichokijua, ni kumuongezea maradhi kwa njia ya mshipa.

Lakini shoga yangu alichomwa, akainuka siku ile ile!

Hili linaulizwa kila mara, na jibu ni lile lile: usichomwe kabla ya kupimwa. Kuna sindano zinazochanganywa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Steroidi humfanya mgonjwa ajihisi mchangamfu siku moja au mbili, hamu ya kula inarudi, maumivu ya viungo yanatulia. Wakati huo huo sukari inapanda, presha inapanda, na mwili ukizoeshwa hupunguza homoni zake wenyewe. Shoga yako ameinuka, lakini kilichomlaza hakijaguswa.

Na kama hana upungufu wa damu? Usichomwe kabla ya kupimwa. Na kama ameshachomwa mara tatu huko nyuma na hakudhurika? Mara tatu hizo ni miezi aliyoipoteza. Wanaofika wakiwa na Hb ya 5, au sukari ya 25 na kidonda cha mguu kisichopona, wengi wao walianza na uchovu huu huu, na sindano hizi hizi.

Vipi vidonge vya kunenepesha na vya kukata tumbo?

Vingi vya kunenepesha vinavyouzwa kwenye vifuko visivyo na jina ni deksamethasoni, au siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula), au vyote viwili. Uso hujaa, shingo ya nyuma hutuna, mikono na miguu hukonda, mifupa hudhoofika. Watu husifu, "Umependeza!" Aliyevitumia wiki nyingi asiviache ghafla peke yake, maana presha na sukari vinaweza kuanguka hadi azimie. Aje navyo, apunguziwe taratibu.

Sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutidi, ni dawa za kweli. Zinaanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa polepole, zinatapisha kwa wengine, na asiyekula protini hupoteza na misuli. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Inayokuja imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, imeagizwa kwa simu na kusafiri juani, hujui kilichomo. Hiyo usiitumie.

Nimeambiwa damu ni ndogo. Nitumie vidonge gani, na kwa nini havinisaidii?

Hapa ndipo dawa nzuri inapoharibiwa na sinia ya asubuhi. Itazame: birika la chai, boflo au maandazi, na pembeni kidonge cha kuongeza damu kinachomezwa kwa chai ile ile. Chai hushika madini ya chuma tumboni yasipite kwenye damu. Maziwa na dawa za kiungulia pia huyazuia. Mtu anameza miezi mitatu, Hb haisogei, anasema dawa ni feki.

Fanya hivi. Kidonge kimoja cha madini ya chuma (ferrous sulphate) cha miligramu 200 mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, au ukila kangaja au chungwa. Chai isubiri mpaka zipite saa mbili. Kikikuchafua tumbo, kimeze baada ya chakula, au siku moja ndiyo siku moja hapana. Bado kinafanya kazi. Kumeza vitatu kwa siku hakuharakishi damu, kunaleta tumbo la kukaza. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Pima tena baada ya wiki 4. Hb ikishafika 12, endelea miezi 3 mengine ili akiba ijae.

Kuongeza damu bila ya kuziba inakovuja ni kazi bure. Hedhi inayozidi siku 7, pedi inayojaa kwa saa moja au mbili, mabonge ya damu: hizo mara nyingi ni vivimbe vya kizazi au vurugu za homoni za kuelekea kukoma, na zina tiba. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu, hasa kwa anayelima peku. Dawa yake ni albendazoli miligramu 400, mara moja. Juisi ya rozela ni kinywaji kizuri, lakini haitaipandisha Hb ya 7.

Nikianza dawa ya sukari, si nitakuwa mtumwa wake?

Utakuwa mtumwa wa sukari usipoianza. Metformini huanzwa kwa miligramu 500 pamoja na chakula, kisha hupandishwa. Kuharisha na kichefuchefu cha siku za mwanzo mara nyingi hupungua ukiimeza katikati ya chakula, si kabla. Anayeitumia miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, akachoka na kupata ganzi miguuni. Huyo akipimwa na kuonekana amepungukiwa, sindano ya B12 ni tiba yake hasa. Tofauti yake na ile ya dukani ni kipimo.

Ramadhani inapokaribia, njoo mwezi au miwili kabla, dozi ipangwe kwa futari na daku. Kupima sukari kwa kidole hakufunguzi. Ikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, fungua, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Na tezi ya shingo?

Ikifanya kazi chini ya kiwango, utachoka, utanenepa kidogo, utaona baridi wenzako wakipepea, choo kitakaza na nywele zitakatika. Dawa ni levothairoksini, humezwa kwa maji matupu asubuhi, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na ikae mbali na kidonge cha kuongeza damu kwa saa 4. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Asiye na maradhi ya tezi asiimeze kutafuta wembamba: huvuruga mapigo ya moyo na kula mifupa.

Homoni za kukoma hedhi zinafaa?

Kwa joto la ghafla na jasho linalomnyima mtu usingizi, zinafaa sana, hasa zikianzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima ichanganywe na projesteroni, kwani estrojeni tupu hunenepesha ukuta wa kizazi na kufungua njia ya saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au kiharusi atafutiwe njia nyengine. Hazipunguzi kitambi, wala hazikuwekwa kwa ajili hiyo.

Hedhi ilikoma miaka miwili, sasa damu imerudi kidogo. Ni ujana umerejea?

Hapana! Damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, hata ya waridi kwenye nguo ya ndani, ni ya hospitali wiki hiyo hiyo. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wenye damu hiyo hukutwa na saratani ya kizazi chenyewe, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania zaidi kuliko saratani nyengine zote. Zikikamatwa mapema hutibika. Usingoje itoke nyingi. Usinywe mitishamba "kuikausha" kwanza. Na ikikauka yenyewe, bado njoo.

Nile nini nipate nguvu?

Punguza wali, ongeza kitoweo. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, yai moja 6, kikombe cha kunde zilizopikwa kama 14. Chai na andazi havina karibu chochote, na ndivyo wengi wanavyokula hadi saa nane mchana, kitoweo wakiwaachia wanaume na watoto. Mama naye apakuliwe samaki. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki, na mara mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: kaa kwenye kiti na uinuke bila ya kushika, mara kumi, pumzika, rudia mara mbili.

Lini nisisubiri hata kesho?

Kifua kikibana, pumzi ikikata ukiwa umekaa, upande mmoja wa mwili ukilegea au mdomo ukienda upande. Pia kiu kali, kutapika na kuhema kwa kina kwa mwenye sukari, au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa. Usipitie dukani. Nenda moja kwa moja hospitali, hata usiku.

Nikija kituoni nije na nini?

Njoo na tarehe ya hedhi ya mwisho na idadi ya pedi unazotumia kwa siku. Njoo bila ya kula ili sukari ipimwe vizuri. Chai utakunywa ukitoka. Na njoo na mfuko wa dawa zote ulizonazo nyumbani, za hospitali, za dukani, za miti shamba, na vile vidonge vya kwenye kifuko kisicho na jina ulivyovificha chini ya khanga. Hivyo ndivyo tunavyotaka kuviona kwanza, na hutagombwa.