Mwenzi wa mwanajeshi na kazi ya serikali: ruhusa si kipaumbele

Wake na waume za wanajeshi wa Marekani wanaoniletea wasifu niukague huuliza swali lile lile: "Mimi si nina kipaumbele? Mbona sikuitwa hata kwenye usaili?" Mara nyingi anayeuliza hana kipaumbele. Ana ruhusa, na ruhusa haimlazimishi mwajiri chochote.

Ruhusa hiyo ilitokana na amri ya rais namba 13473, aliyoisaini George W. Bush mwaka 2008. Idara za serikali kuu zinaweza kumwajiri mwenzi wa mwanajeshi bila kumpitisha kwenye ushindani wa kawaida, mradi ana sifa za kazi. Zinaweza, si lazima. Zamani ilibidi uwe umehama pamoja na mwanajeshi. Bunge limeliondoa sharti hilo kwa muda, hadi 31 Desemba 2028. Wamo pia wenzi wa waliotoka jeshini na ulemavu wa asilimia 100, na wajane wa waliofia kazini, kama hawajafunga ndoa nyingine.

Kipaumbele chenyewe ni cha kazi za kiraia Wizara ya Ulinzi, na mizizi yake ni sheria ya mwaka 1985. Hicho kina meno: ukiingia kundi la waombaji bora, kwa kawaida meneja hawezi kukuruka akamchukua asiye na kipaumbele. Lakini masharti yanabana. Ndoa iwe imefungwa kabla ya uhamisho, na kazi iwe karibu na kituo kipya. Mumeo akihamishwa kutoka Texas kwenda Norfolk, kipaumbele chako kiko Norfolk, na unaweza kuanza kukitumia siku 30 kabla ya tarehe yake ya kuripoti.

Kinachowaumiza wengi ni kwamba kinatumika mara moja tu kwa kila uhamisho. Ukipewa kazi ya kudumu ukaikubali, kimekwisha. Ukiikataa, kimekwisha vilevile! Kwa hiyo usiombe kwa kipaumbele kazi usiyoitaka, eti unajaribu bahati. Kazi ya muda haikimalizi, ndiyo maana sioni ubaya kuanzia huko.

Nyaraka nazo: cheti cha ndoa na barua ya uhamisho, kurasa zote. Wapo wanaotuma ukurasa wa kwanza peke yake, ule usioitaja familia, na ombi linawekwa kando kabla wasifu haujasomwa. Kwenye USAJOBS, tovuti ya kuombea kazi za serikali kuu ya Marekani, kama ruhusa na kipaumbele vyote vinakuhusu, jaza vyote viwili.