Kabla ya Meli Kuna Maji Mengine ya Kuvuka: Kufika Kilindini kwa Wakati

Kazi yangu ni kuwaandaa abiria wa meli za kitalii na kuhakikisha wamepanda hapa Mombasa. Kaskazi ikianza kuvuma na meli zikaanza kuonekana, simu huwa haitulii. Watu huuliza chumba kina dirisha au hakina, chakula ni halali au la, mtandao unapatikana baharini au haupatikani. Maswali mazuri yote hayo. Ila ninalolingojea mimi ni moja: usiku wa kuamkia safari nilale wapi?

Lala kisiwani. Ukiwa na jamaa Tudor, Kizingo au Majengo, waombe mkeka. Ukiwa huna, chukua chumba mjini hata kama ni cha kawaida tu.

Sababu ni hii. Kilindini, zinakofunga meli za kitalii, iko ndani ya kisiwa cha Mombasa, na kila aingiaye kisiwani huvuka maji kwanza. Anayetoka Mtwapa, Bamburi au Nyali anapita Daraja la Nyali, lililojengwa 1980, pamoja na kila mtu anayekuja mjini kazini na kila gari linalotoka soko la Kongowea. Anayetoka uwanja wa ndege wa Moi au stesheni ya SGR ya Miritini yuko bara, na njia yake ya Changamwe hadi Makupa, panapovukwa kuingia kisiwani, anaigawana na malori ya makontena. Lori moja likilala barabarani, foleni hiyo hakuna dereva wa kuikwepa, hata awe mzaliwa wa Magongo.

Kisha kuna kivuko cha Likoni, cha wanaotoka kusini, na hapa wageni wengi hawajui jambo moja. Mkondo unaovukwa na feri ndio huohuo meli zinaoupitia kuingia Kilindini. Meli kubwa ikipita, feri husubiri. Kwa hiyo asubuhi unapokimbilia meli yako, inawezekana kabisa ni meli hiyohiyo inayokuzuia ng'ambo ya pili. Siku hizi watu wa Diani na Ukunda wana barabara ya Dongo Kundu, na ni faraja kubwa, kwa maana feri huigusi. Lakini kumbuka inakutoa upande wa Miritini: Changamwe na Makupa bado ziko mbele yako.

Anayetoka Nairobi namsihi sana asiunganishe treni au ndege na meli siku hiyohiyo. Treni ikichelewa, shirika la reli halitampigia nahodha simu, na meli haina desturi ya kumngoja mtu aliyejipangia usafiri wake mwenyewe.

Sasa saa. Saa iliyoandikwa ya meli kung'oa nanga si saa yako. Yako ni ile ya kufungwa orodha ya abiria, ambayo kwa kampuni nyingi huwa saa moja au moja na nusu kabla ya kuondoka. Orodha ikishafungwa na kukabidhiwa, kuongeza jina ni shughuli nzito, na mara nyingi jibu huwa hapana. Nikiwaandikia abiria na madereva hutumia 16:00, wala siandiki "saa 10", maana nimeona familia moja ikijadiliana langoni kama ni saa kumi ya jioni au ile ya asubuhi iliyoandikwa kizungu.

Wanaoshuka kutembea mjini au kwenda hifadhi ya Shimba Hills wana hatari nyingine: saa ya meli yenyewe. Shelisheli na Morisi ziko saa moja mbele ya Kenya, Afrika Kusini iko saa moja nyuma. Meli iliyotoka Shelisheli inaweza kuwa haijarudisha saa zake. Ukiambiwa urudi saa 17:00 kwa saa ya meli, ukutani mjini ni 16:00. Kabla ya kukanyaga ngazi ya kushukia, tazama saa ya ukutani ndani ya meli, kisha uilinganishe na simu yako. Dakika moja tu, na inaokoa safari nzima.

Kwenye karatasi ndiko ninakokaza zaidi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 baada ya safari kwisha. Kadi ya homa ya manjano usiiache, kwa sababu Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na visiwa vya Bahari ya Hindi huidai. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, lakini kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano wiki ya safari amechelewa. Na kama meli inatia nanga Réunion, jua kwamba hapo ni Ufaransa, na viza ya kawaida ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haitoshi mpaka iwe imeandikwa kuwa inaruhusu maeneo ya ng'ambo. Hili watu hulijua wakiwa tayari wamelipa, nami huumia nikiliona.

Dereva mwambie "Kilindini, jengo la abiria wa meli", usimwambie "bandarini" tu. Kuna Bandari ya Kale karibu na Fort Jesus, ya majahazi, na tuktuk inaweza kukushusha huko kwa nia njema. Usitegemee pia gari lako kuingia ndani ya lango. Bandari ina ulinzi wake, kwa hiyo shika pasipoti na tiketi iliyochapishwa mkononi, usisubiri simu iamke.

Mabegi makubwa huchukuliwa mapema na kuletwa chumbani baadaye, pengine usiku. Pasipoti, dawa, miwani na nguo ya kubadili ya mtoto vikae kwenye mkoba wa mkononi. Mama zetu nawaomba kwa heshima: pasi ya nguo, chetezo na udi viacheni nyumbani. Moto ndio unaoogopwa kuliko vyote melini, na vitu hivyo huzuiliwa pale pale kwenye mashine ya ukaguzi. Embe mbichi nazo mtanyang'anywa kisiwa cha kwanza.

Ukishapanda, mtaitwa kwenye mazoezi ya dharura kabla meli haijaondoka. Nendeni wote, pamoja na bibi na watoto. Zamani yaliruhusiwa kufanywa ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Januari 2012 Costa Concordia ilipopata ajali Italia na watu 32 wakafa, mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ileile walikuwa hawajaonyeshwa pa kukusanyikia. Tangu Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Jueni kituo chenu kina namba gani, na itembeeni njia ya kwendea kutoka chumbani angalau mara moja, kwa ngazi, si kwa lifti.